Fedha uliyopima kwenye mizani siyo inayomfikia dafnia

Ripoti nyingi kuhusu sumu ya chembe za nano (chembe ndogo mno, za nanomita 1 hadi 100) hutoa EC50 moja ya madini ya fedha kwa dafnia, mnyama mdogo sana wa maji baridi, kisha basi. EC50 ni mkolezo unaoathiri nusu ya wanyama wa jaribio. Ni fedha ipi? Iliyopimwa kwenye mizani, iliyobaki ikielea baada ya saa 48, au ayoni zilizoyeyuka? Bila kuzitenganisha hizo tatu, tarakimu ile haimsaidii mtu anayetaka kulinda mto.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Mwongozo namba 202 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, unataka dafnia wasiofikisha saa 24 tangu kuzaliwa, angalau 20 kwa kila mkolezo, ikiwezekana makundi manne ya watano watano, na kila mmoja apate walau mililita 2 za maji. Joto ni nyuzi 18 hadi 22, na hawalishwi. Baada ya saa 24 na saa 48 chombo hutikiswa taratibu. Asiyeogelea ndani ya sekunde 15 huhesabiwa ameathirika. Walioathirika wakizidi asilimia 10 kwenye maji yasiyo na sumu, jaribio halifai.

Ugumu uko kwenye maji. Maji sanifu ya ISO (shirika la kimataifa la viwango) yana miligramu 294 za kloridi ya kalsiamu (CaCl₂·2H₂O) kwa lita, yaani milimoli 4 za kloridi. Fedha iliyoyeyuka ikikutana na kloridi hiyo huganda kuwa kloridi ya fedha, na ayoni huru haziwezi kuzidi takriban mikrogramu 5 kwa lita. Kalsiamu nayo hudhoofisha msukumano kati ya chembe, zikashikamana na kuzama. Hapo usidhani dafnia amenusurika: Daphnia magna huchuja maji, lakini pia hushuka kuokota chakula chini, ndiko chembe zilikojaa. Maji ya M4 na M7, yaliyotengenezwa maabara kwa kufugia dafnia, yaacheni kabisa kwa jaribio hili, kwa sababu yana EDTA, kemikali inayofunga metali. Oksidi ya zinki, kwa mfano, itaonekana salama kuliko ilivyo.

Kila jaribio liende na makundi mengine ya kulinganisha. La kwanza ni chumvi inayoyeyuka ya metali ileile, kwa mfano nitrati ya fedha. La pili ni maji yaliyotenganishwa na chembe. Chujio la mikromita 0.2 halitoshi, kwani chembe ya nanomita 20 hupita bila shida; tumia utando wa kilodaltoni 3, wenye matundu madogo kuliko chembe hizo, kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi). Utando huo hunasa fedha, kwa hiyo upitishieni kwanza nitrati ya fedha ya kiasi kinachojulikana muone inatoka kiasi gani. La tatu ni kemikali iliyozifunika chembe, kama sitrati, ikiwa peke yake.

Kwa oksidi ya zinki, mara nyingi zinki iliyoyeyuka inaeleza sehemu kubwa ya vifo. Dioksidi ya titani ni kisa kingine kabisa: haiyeyuki, bali hunata kwenye gamba na kumzuia mnyama kujibambua, yaani kuvua gamba la zamani. Madhara hayo huja polepole, hivyo saa 48 huyakosa. Ongezeni hadi 72 au 96. Taa pia iangaliwe, maana mwanga wa urujuanimno huifanya izalishe oksijeni kali inayounguza seli.

Mkitawanya chembe kwa fimbo ya mawimbi ya sauti, chombo kikae kwenye barafu. Ncha ya fimbo ikiwa ya titani humomonyoka na kuchafua sampuli, jambo baya zaidi pale titani ndiyo inayopimwa.

Chukueni sampuli katikati ya kina, mwanzoni, saa 24 na saa 48, mziyeyushe kwa asidi kabla ya kupima. Kiwango kikitofautiana na kile kilichokusudiwa kwa zaidi ya asilimia 20, EC50 ikokotolewe kwa kilichopimwa.

Jaribio la uzazi la siku 21 lina mtego wake: lazima dafnia walishwe, na mwani hunasa chembe na kuzama nazo. Pimeni metali kabla na baada ya kulisha, ndani ya maji na ndani ya mwani wenyewe.