Karatasi nyeusi ndani ya seli ya haidrojeni

Nyuzi za kaboni nyembamba kama mikromita 7, zikashikanishwa kwa rezini na kuchomwa kupita sentigredi 2000: hiyo ndiyo karatasi ambayo, ndani ya seli ya mafuta (kifaa kinachounganisha haidrojeni na oksijeni kutoa umeme), hukaa kati ya kichocheo na bamba la mifereji ya gesi. Unene wake huwa mikromita 150 hadi 400, na karibu robo tatu ya ujazo wake ni uwazi mtupu. Gesi hupita kwenye mifereji, lakini kichocheo kilichofunikwa na tuta, yaani ukingo kati ya mfereji na mfereji, nacho kinaihitaji. Karatasi huisambaza hadi huko, huku elektroni zikisafiri kwenye nyuzi.

Kazi ngumu iko kathodi, upande ambako oksijeni inaingia na maji yanatoka kwa mlango uleule. Kwa hiyo karatasi huchovywa kwenye tefloni ya majimaji ili isishike maji, hukaushwa, kisha hupashwa hadi sentigredi 350 hivi ili tefloni ishike nyuzi. Tefloni ikizidi ni hasara, maana haipitishi umeme na huziba vinyweleo.

Uso mmoja hupakwa masizi ya kaboni yaliyochanganywa na tefloni. Huo ndio unaogusa kichocheo. Inamisha karatasi kwenye mwanga: uso wa masizi ni laini na umefifia, wa pili unaonyesha nyuzi zikimetameta. Kuigeuza ni kosa la kijinga, lakini hutokea.

Mgandamizo nao una kipimo. Karatasi ya mikromita 200 ikibanwa kwa asilimia 20 inabaki 160, na kinachoamua hapo ni unene wa gasketi, si nguvu za mkono. Ikilegea, ukinzani unapanda. Ikibanwa mno, vinyweleo vinakufa chini ya matuta na nyuzi zinaweza kutoboa utando unaotenganisha kathodi na anodi, upande wa haidrojeni. Kaza bolti kimshazari, kidogo kidogo.

Volti zikiyumba kwenye mkondo mkubwa, ongeza hewa kwa muda. Zikitulia, seli ilikuwa imefurika maji. Zikishuka zaidi na ukinzani ukapanda, shuku ukavu.

Kwenye elektrolaiza ya utando wa protoni (kifaa kinachopasua maji kwa umeme kupata haidrojeni), karatasi hii iwekwe kathodi tu. Anodi ya hapo, inakotoka oksijeni, hufanya kazi juu ya volti 1.4, na hapo kaboni huliwa ikawa kaboni dayoksaidi. Huko hutumika titani yenye vinyweleo, mara nyingi ikiwa imepakwa platini, kwa sababu titani tupu hujivika oksaidi inayozuia umeme. Seli ya mafuta ikikosa haidrojeni, anodi yake nayo hupanda volti, na kaboni yake huliwa vilevile.