Kigari chenye hasira: nilichokagua kabla ya kutoa pauni zangu

Mjomba wangu ni fundi magari Gerezani, pale Kariakoo, na miaka yote niliyokaa kwake sijawahi kumwona akisikiliza hadithi ya mwenye gari. Mtu akianza maelezo marefu, mjomba anainua mkono: "Baba, subiri, gari liongee lenyewe." Halafu anaweka kiganja juu ya boneti, kama mama anayempima mtoto homa. Utoto wangu wote niliona ni mbwembwe za fundi. Nikaja kuelewa maana yake hapa Uingereza, mjini Coventry, mwezi wa Februari, kwenye baridi la kukata masikio.

Kwanza nikiri nilichokuwa nakitafuta. Kwetu gari ni la kubebea: watoto, gunia la mkaa, shangazi na mabegi yake. Mimi nimejifunzia kuendesha kwenye IST ya watu. Lakini tangu mwaka wangu wa kwanza hapa Uingereza kuna aina moja ya magari inanitoa macho: hachibeki ndogo, yaani gari fupi ambalo mlango wa buti hufunguka pamoja na kioo chake, ya kwendea sokoni, ambayo kiwanda kimeitia injini ya turbo na springi ngumu, kisha kikaiacha na sura yake ya upole. Mimi naziita vigari vyenye hasira. Mkubwa wao kwangu ni Volkswagen Golf GTI, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1975. Viti vyake vina kitambaa cha mirabaraba alichokichagua mbunifu mmoja mwanamke, Gunhild Liljequist. Nilipochungulia dirishani mara ya kwanza nikajiuliza, hili shuka la Kimasai limefikaje huku?

Mama nilimwambia kwa simu. Akanyamaza kidogo. "Lina milango mingapi?"

"Mengine mitatu, mama. Ila nitatafuta la mitano."

"Haya. Maana la mitatu ni la mtu asiyetaka wageni."

Ubaya wa magari haya hauko kiwandani. Uko kwa wanunuzi. Anayenunua Golf ya kawaida anataka kufika. Anayenunua GTI anataka kusikia injini, na ataisikia kila taa ikiwaka kijani, ya moto au ya baridi, kwa miaka kumi. Najua kwa sababu na mimi ndivyo nilivyo. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: nitafute gari ambalo halijawahi kuangukia mikononi mwa mtu kama mimi.

Sikuanza na gari, nilianza na bima, na wewe fanya hivyo hivyo. Leseni zetu za Tanzania na Kenya zinaruhusu kuendesha hapa miezi 12 tangu uwe mkazi, baada ya hapo unafanya mtihani kama kijana wa miaka 17. Niliufanya, nikafaulu. Ila kampuni ya bima niliyoipigia haikutambua miaka yangu tisa ya foleni za Ubungo. Kwao nilikuwa dereva wa jana. Magari ya miaka hii ninayoyatafuta yalipangwa kwenye makundi ya bima 1 hadi 50, na vigari vyenye hasira havikai chini. Kuna gari nililipenda kwenye picha, bima yake ya mwaka ikaja zaidi ya nusu ya bei ya gari lenyewe. Nikafunga ukurasa bila kulia. Ukiwa na namba ya gari mkononi unaweza kuuliza bima kabla hata hujaonana na muuzaji. Uliza.

Namba hiyo hiyo ndiyo inayofungua siri kubwa kuliko zote, tena bure. Hapa gari likishatimiza miaka mitatu linapimwa kila mwaka, kipimo kinaitwa MOT, na majibu yake yote yako kwenye tovuti ya serikali. Unaandika namba ya gari, unaletewa historia: mwaka gani lilifaulu, mwaka gani lilikataliwa na kwa nini, mita ilikuwa inasoma maili ngapi siku ile, na yale maonyo madogo ambayo mpimaji ameandika bila kulifelisha gari. Nyumbani tungekuwa na kitu kama hiki, madalali wa magari wangekufa njaa.

Yale maonyo madogo ndiyo ninayoyasoma zaidi. Kufeli kila gari linafeli. Lakini ukiona "tairi za mbele zinakaribia kuisha" mwaka huu, mwaka unaofuata tena, na mwaka wa tatu zimeisha ndipo zikabadilishwa, umeshamjua mwenye gari. Huyo halipi mpaka alazimishwe, na oili ya injini hakuna anayemlazimisha mtu kuibadilisha.

Gari la kwanza lilikuwa Golf ya kizazi cha sita, ya 2010, nyeusi. Natoka zamu ya usiku ghalani saa moja asubuhi, na nilipanga makusudi nipitie nikitoka kazini, nilikute gari limelala. Nilimwandikia muuzaji jana yake: tafadhali usiliwashe. Akajibu sawa, hakuna shida. Nafika, kioo cha kila gari mtaani kina barafu, chake kisafi. Nikaweka kiganja kwenye boneti. Vuguvugu, kama chapati iliyofunikwa.

"Nililisogeza kidogo tu, nikupishe nafasi," akasema.

Labda kweli. Ila injini za GTI za miaka ile zinatumia mnyororo wa taimingi, ule unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake, na kikazio cha mnyororo kinajulikana kuchoka. Kikichoka, ukiwasha injini iliyolala usiku kucha unasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo, sekunde mbili tatu, halafu kimya. Mnyororo ukiruka, vali zinakutana na pistoni na injini imekwisha. Injini ikishapata moto, sauti ile husikii. Moshi nao ni hivyo hivyo: moshi wa buluu wa oili mara nyingi unajitokeza wakati wa kuwasha baridi. Sikumwambia mtu muongo. Nilimshukuru, nikaenda kulala.

La pili lilikuwa Ford Fiesta ST ya 2014, na hilo sikulifikia hata mlangoni. Kwenye historia ya MOT mwaka mmoja lilisoma maili 71,000, mwaka uliofuata 58,000. Gari lililorudi nyuma! Kwenye tangazo limeandikwa "maili chache kwa umri wake". Nikamuonesha mdogo wangu tunayeishi naye, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Halafu akaonesha kidole kwenye picha: eksozi ya mlio imefungwa, na maneno "limeongezewa nguvu". Maana yake programu ya injini imechezewa ili turbo isukume hewa zaidi. Si dhambi, wako wanaofanya kwa ustadi. Lakini klachi na gia boksi vinabeba mzigo ambao havikuandaliwa, na usipoitajia kampuni ya bima marekebisho hayo, siku ya ajali wana sababu ya kukukatalia. Mimi nataka gari kama lilivyotoka kiwandani, hata redio iwe ileile.

La tatu nililipata kijiji kimoja nje ya mji wa Rugby. Golf GTI ya kizazi cha tano, ya 2007, nyekundu, milango mitano, maili 88,000, yaani karibu kilomita 142,000. Mwenyewe mwalimu mstaafu. Barafu juu ya boneti nene, ungeweza kuandika jina lako. Kabla sijauliza kitu akaniletea faili, akasema nisome taratibu yeye anachemsha chai.

Nilisoma. Risiti ya mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, ya miaka miwili nyuma. Kizazi hiki cha tano kinatumia mkanda, si mnyororo, na mkanda unazeeka hata gari likilala. Risiti ya zaidi ya miaka mitano mimi huihesabu kama haipo. Risiti za oili kila mwaka. Maonyo ya MOT yote yana risiti ya matengenezo nyuma yake. Kadi ya gari, wanaiita V5C, jina lake na anwani ile ile niliyosimama. Hapo elewa jambo moja: V5C inaonesha nani anayetunza gari, haithibitishi nani mwenye mali. Gari linaweza kuwa bado na deni la mkopo. Ndiyo maana nililipia uchunguzi mdogo wa mtandaoni unaoonesha deni, wizi, na kama bima iliwahi kulifuta baada ya ajali. Ukikuta alama ya Cat S, maana yake gari lilifutwa na mifupa ya bodi iliumia. Cat N, haikuumia mifupa. Lake lilikuwa safi.

Ndipo nikalizunguka. Tairi nne za kampuni moja, na hilo kwangu lina uzito kuliko gari kung'aa. Mtu aliyetia tairi nne tofauti za bei ya chini kwenye gari la farasi 200 amekwambia alivyotunza na vile usivyoviona. Nikapitisha vidole ndani ya tairi za mbele. Hazijaliwa upande wa ndani. Nikachungulia matao ya fenda za mbele, maana kizazi hiki kina sponji nyuma ya fenda inayoshika maji, na huku barabara zinamwagiwa chumvi msimu wote wa baridi. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyokula bati. Fenda ya kushoto ilishaanza kutoa malengelenge chini ya rangi. Nikalihifadhi hilo kwa ajili ya bei.

Kiti cha dereva, lile shuka la Kimasai, mto wa pembeni umepauka kidogo lakini haujachanika. Funguo mbili zipo. Adapta ya nati za magurudumu za kuzuia wizi ipo kwenye buti. Usicheke, siku ya pancha njiani ndiyo utaikumbuka.

Nikaliwasha. Likakohoa mara moja, likatulia. Moshi mweupe mwepesi wa baridi, ukaisha. Tulipotoka sikukanyaga mpaka injini ipate moto, na nilimwona mzee akiangalia mguu wangu. Nilimpenda kwa hilo. Lilipopata moto nikaweka gia ya tano kwenye mwendo mdogo, nikakanyaga hadi chini. Klachi iliyochoka inajisema hapo: mshale wa mizunguko unapanda, gari halikimbii. Hili lilivuta kwa pamoja, pole pole kisha ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo. Nilicheka peke yangu. Hapo ndipo hatari ilipo, ndugu zangu. Ukishacheka huwezi tena kukagua, ndiyo maana makaratasi yanatangulia.

Alitaka pauni 3,800. Nikamuonesha fenda, tukakutana 3,500. Nilijua kwamba kununua kwa mtu binafsi sina kinga kubwa. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 kulirudisha gari bovu. Kwa mtu binafsi unabaki na alichokuahidi na macho yako. Kodi ya barabara nayo haihami na gari, tangu 2014, kwa hiyo nililipia kwa simu pale pale mezani kwa kutumia kipande cha V5C anachopewa mnunuzi.

Kilibaki kitu kimoja ambacho hakuna risiti yake kwenye faili. Injini hii ina pampu ya petroli ya mgandamizo mkubwa inayosukumwa na kemshafti, ile shafti inayofungua vali, na katikati yao kuna kikombe kidogo cha chuma, kipana kama kizibo cha soda, cheusi juu. Kikilika mpaka kitoboke, pampu na kemshafti vinasagana. Kikiwahiwa, ni kitu cha bei ndogo. Jumapili jirani yetu Mkongo, mzaliwa wa Bukavu, alikuja na spana zake, akafungua boliti tatu, akakichomoa na kukiweka kwenye kiganja changu. Weusi umefutika katikati, duara la ukubwa wa punje ya njegere linang'aa. Kilikuwa hakijatoboka. Tukaweka kipya tulichokuwa tumekiagiza, na cha zamani nikakiosha, kiko dirishani jikoni.

Nilikipiga picha, nikamtumia mjomba pamoja na ya gari. Sauti yake ikaja baada ya saa nzima, nyuma yake nyundo zinagonga bati.

"Zuri. Ulilikuta la baridi?"