Kijarida cha tarbia kwa mashine ya fotokopi, Tanga

Wengi huniuliza mtaji wa kuchapa kijarida chetu cha mashairi niliupata wapi. Mimi kilichonihangaisha ni upana wa ukurasa. Mashairi tuliyokusanya mitaa ya Ngamiani na Chumbageni karibu yote ni tarbia: mistari minne kwa ubeti, mizani (yaani silabi) 16 kwa mstari, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Mstari kama huo hauna huruma na karatasi ndogo.

Njia rahisi kuliko zote ni karatasi moja ya A4. Unaikunja mara tatu, unaichana katikati, unapata kijitabu cha kurasa nane bila pini hata moja. Lakini kila ukurasa ni milimita 74 kwa 105. Vitendawili vinaenea. Tarbia, ama upunguze herufi mpaka wazee wakudai miwani, ama utao uporomoke mstari wa chini. Malenga mmoja aliiangalia sampuli, akanirudishia: "Mwanangu, vina vyangu vya kati umevificha wapi?"

Nikahamia A5, yaani A4 iliyokunjwa mara moja. Ukwapi kushoto, utao kulia, vina vikasimama wima vikiitana. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Tulichukua karatasi nne, kurasa 16. Karatasi ya nje inabeba ukurasa wa 16 na wa 1, mgongoni kwake wa 2 na wa 15. Kila jozi ijumlishe 17, isipofika kuna ukurasa umepotea njia. Zipo programu zinazopanga zenyewe, ila mimi bado nahakiki kwa kidole. Pale steshenari mwambie kijana achape pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi, la sivyo kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini. Picha tuliziacha. Fotokopi inazigeuza masizi.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Nilikuwa naifunua, naweka kipande cha godoro chini ya karatasi, nabonyeza, kisha nailaza miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko.

Vijana wenzangu walitaka tuweke kwenye simu tu, karatasi ya nini? Yule mzee malenga akawajibu kwamba gazeti la Kiongozi lilianza kutoka hapahapa Tanga mwaka 1904, enzi za Mjerumani, na mashairi ya wasomaji yalikuwamo. Kwa hiyo na shairi lake lichapwe. Hakuna aliyembishia.

Ya simu ilikuja baadaye, na ni faili nyingine kabisa. Ile ya kuchapia inaanza na ukurasa wa 16 ubavuni mwa wa 1, msomaji ataona umelewa. Nilizipanga kurasa kwa mfuatano, nikakata kila mstari vipande viwili, utao ukiwa chini ya ukwapi umesogezwa ndani kidogo, herufi kubwa. Mzee huyo toleo la simu hataki hata kulitazama.

Bei tuliipata kwa kujumlisha kopi na pini, kisha mara mbili, ili muuzaji naye apate chake. Nakala za karatasi zilipokwisha tukaachia PDF bure kwenye WhatsApp. Kuwakimbiza wanaosambaza ni kujichosha.

Toleo la pili limekwamishwa na utenzi mmoja wa beti 200. Mwenyewe hataki upunguzwe hata ubeti, na kwenye karatasi nne hauingii.