Bunduki ya Misumari Inapovuja Upepo

Dalili ya kwanza haikutoka kwenye bunduki yenyewe, ile ya kupigilia misumari kwa nguvu ya upepo, ilitoka kwenye kompresa, mashine inayoshindilia upepo huo. Katika karakana yetu hapa Ndeeba, Kampala, tumezoea kompresa ya lita 50 ijaze tangi, izimike, na ikae kimya hadi mtu awe amepigilia misumari mingi ya paleti. Jumatatu moja ikawa inawaka kila baada ya dakika tatu, ilhali sote tulikuwa tumekaa tunakunywa chai, na uniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ambazo kwa kawaida hutufikisha mwisho wa wiki zikaisha Alhamisi mchana.

Kabla ya kuishuku bunduki nilifunga koki ya tangi na kutazama mshale wa geji, kipimo cha mgandamizo wa upepo, kwa robo saa. Haukusogea, kwa hiyo tangi lilikuwa zima. Nikafungua koki, nikapaka povu la sabuni kwa brashi kwenye kila kiungio cha paipu. Kimoja kilitoa vipovu vidogo kama vya soda, nikakifungua na kukizungushia tepu upya. Baada ya hapo sauti iliyobaki ilikuwa moja tu: fyuuu nyembamba, isiyokatika, kutoka kwenye bunduki iliyolala mezani bila kuguswa na mtu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa kuwa niliposhika mpini upepo ulinipiga vidoleni, niliamua bila kupima kwamba valvu ya triga ndiyo mbovu. Niling'oa pini yake, nikabadilisha oringi mbili ndogo (pete za mpira zinazozuia upepo usivuje), nikapoteza asubuhi nzima, na fyuuu ikabaki palepale. Kumbe upepo ulikuwa ukitoka kwenye ekzosi, tundu la kutolea upepo uliotumika, iliyo kichwani mwa bunduki, na kikinga chake, ambacho huzungushwa kokote mtu atakako, kilikuwa kimeelekezwa nyuma na kuupuliza juu ya mkono wangu.

Ningeokoa asubuhi hiyo kama ningekumbuka jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Bunduki ikiwa imetulia, upepo hukaa juu ya valvu ya kichwani na kuikandamiza ifunge mdomo wa silinda. Ukivuta triga, upepo huo wa juu huachiliwa utoke, valvu inainuka, na upepo uliojaa ndani ya mpini unaingia kwa kishindo juu ya pistoni, ambayo husukuma ulimi wa chuma unaopiga msumari. Ukiachia triga, valvu inarudi chini, upepo uliotumika unatokea kwenye ekzosi, na pistoni inarudishwa juu na upepo uliohifadhiwa pembeni mwa silinda. Kwa hiyo mahali upepo unapotokea, pamoja na wakati unapotokea, ndivyo vinavyotaja sehemu iliyochakaa. Ukivuja kwenye triga bunduki ikiwa imetulia, tazama oringi za valvu ya triga. Ukivuja kwenye ekzosi bunduki ikiwa imetulia, kama ilivyokuwa kwangu, valvu ya kichwani haifungi vizuri. Ukivuja mdomoni, kule unakotokea msumari, na hasa wakati triga imevutwa, mshukiwa ni oringi ya pistoni au bampa, yaani ule mpira mnene wa chini unaopokea pigo la pistoni.

Nilichomoa paipu, nikatoa misumari yote (mpangilio huo haubadiliki hata ukiwa na haraka kiasi gani), nikafungua skrubu nne za kichwa kwa ufunguo wa L, nikilegeza moja na kuhamia iliyo mkabala nayo ili gasketi, kile kizibo chembamba cha katikati, isichanike. Ndani nilikuta uji wa kijivu: maji, mafuta na vumbi la mbao za paini. Oringi kubwa ya valvu ilikuwa imekauka, na upande mmoja ilikuwa na mkato mfupi ambao sikuuona hadi nilipoikunja kati ya vidole.

Duka la kwanza nililoingia lilikuwa la vipuri vya magari, nami nikachukua oringi ya kwenye breki kwa sababu kipenyo chake kililingana. Ilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu bunduki ikawa inapiga kwa ulegevu, misumari inabaki imechomoza nusu, na hatimaye valvu ikakwama katikati na ekzosi ikapuliza mfululizo. Nilipoifungua, oringi ile ilikuwa imefura kama andazi na haikuingia tena kwenye mfereji wake. Mipira ya breki hutengenezwa ivumilie kiowevu cha breki, na mara nyingi ni ya EPDM, aina ya mpira ambayo hufura ikikutana na mafuta ya kawaida ya mashine. Oringi za zana za upepo kwa kawaida ni za naitrile, aina nyingine ya mpira, ambayo huyavumilia mafuta hayo. Muuzaji hakunidanganya, maana mimi mwenyewe sikumwambia naipeleka wapi.

Mara ya pili nilikwenda na venia, kifaa cha kupimia vipenyo na unene, nikapima kipenyo cha ndani na unene wa uzi wa mpira, kwa maana oringi iliyo nene kidogo tu kuliko inavyotakiwa huifanya valvu iburute, na iliyo nyembamba huvuja tangu siku ya kwanza. Nikanunua ya naitrile, nikaipaka girisi ya silikoni kidogo, nikafuta silinda kwa kitambaa kikavu, nikafunga kichwa. Mwenzangu anayetoka Arua alikuwa tayari ameshika kopo la dawa ya kutu ili alipulizie ndani. Nilimzuia, kwa sababu dawa hiyo huosha girisi inayolinda mipira. Matone machache ya mafuta ya zana za upepo kwenye tundu la kuingizia paipu, kila asubuhi, yanatosha.

Nilipofungua koki ya chini ya tangi la kompresa yalitoka maji karibu nusu kikombe, yenye rangi ya kutu. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiingia bundukini msimu wote wa mvua. Sasa tunayamwaga kila jioni kabla ya kufunga.

Jioni ya kwanza niliacha bunduki imeunganishwa, geji ikisoma psi 90 (psi ni kizio cha mgandamizo), koki ya tangi inayopeleka upepo kwenye paipu ikiwa wazi na kompresa imezimwa. Asubuhi ilisoma 84, tofauti ndogo tu. Jana, hata hivyo, nimeanza kusikia upepo kidogo mdomoni kila triga inapovutwa, na bampa nimeshaiagiza.