Swala ya Ikassima

Jamani hebu niambieni, swala ya Ikassima inaswaliwa saa ngapi? Maana mi nimeikuta kwenye kitabu, tena kitabu kizima chenye kava la kung'aa na ISBN yake nyuma, ile namba ya kukitambulisha kitabu, kimetolewa na wale wachapishaji wanaotangaza mitandaoni kila kukicha "waandishi chipukizi karibuni".

Kitabu ni cha mwalimu mstaafu, jirani yetu huku Ngamiani, ndo chake cha kwanza, na hadithi yenyewe tamu kweli, mambo ya wavuvi wa Deep Sea na mapenzi yao. Mhusika mkuu alikuwa anaitwa Juma. Wachapishaji wakasema Juma jina la kawaida mno, awe Kassim, mzee wa watu akakubali. Basi kijana wa kompyuta akaiambia mashine tafuta Juma weka Kassim, akabofya mara moja, kazi kwisha. Jumatatu ikawa Kassimtatu, Jumamosi ikawa Kassimmosi, na wavuvi wakaenda msikitini Ikassima. Yani baada ya hapo hakuna mtu aliyesoma hata kurasa mbili, maana ungesoma mbili tu lazima ungekutana nayo.

Hiyo inachekesha angalau. Sura ya sita ipo mara mbili na ya saba haipo kabisa, ila kwenye yaliyomo imo, na "alafu" na "halafu" zinapishana kwenye aya moja, na "nyumba" imekatwa mwisho wa mstari "nyum-ba" kwa sababu programu iliachwa kwenye Kiingereza. Na hapa ndo Tanga, kwao Shaaban Robert!

Mwalimu alilipa laki nane na nusu, pakeji ya dhahabu, na kwenye risiti uhariri umeandikwa kabisa. Nikamuuliza, "Mwalimu, walikurudishia mswada wenye masahihisho?" Akaniambia, "Mwanangu, walinitumia kava tu kwa Wasap, wakataka nithibitishe rangi."

Sasa mchapishaji anayesubiri msomaji anunue lazima ahangaike kitabu kisomeke, la sivyo kinamdodea. Hawa wenzetu hela washaipata kwa mwandishi kabla ya herufi ya kwanza kupangwa, kisomeke kisisomeke wao haiwahusu. Mhariri anayejua kazi anakaa na kitabu wiki kadhaa na anataka alipwe, ukimtoa huyo hela yake inabaki ofisini. Na wanawafuata wanaoanza kwa makusudi, maana anayeanza hajui kuna mtu wa kuangalia hadithi, kuna wa lugha, halafu kuna prufu, yani kukagua makosa mara ya mwisho baada ya kurasa kupangwa. Hajawahi kuona mswada wake umejaa wino mwekundu, atajuaje kwamba haukuguswa?

Halafu wanatamba na ISBN utadhani cheti cha ubora. Ni namba tu bana, tarakimu 13 tangu 2007, hapa kwetu inatoka Bodi ya Huduma za Maktaba, na anayekupa namba hasomi sura ya saba ipo au haipo.

Si Bongo tu. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa PublishAmerica, hao ada ya mwanzoni hawakutoza, biashara yao kubwa ilikuwa kuwauzia waandishi nakala za vitabu vyao wenyewe. Ikajigamba kwamba inachagua kazi nzuri tu. Mwaka 2004 kundi la waandishi likakaa likaandika riwaya mbovu kwa makusudi, Atlanta Nights, sura moja imerudiwa neno kwa neno, nyingine imerukwa, nyingine imetungwa na programu ya kompyuta haina kichwa wala miguu, wakaipeleka. Ikakubaliwa! Januari 2005 wenyewe wakatangaza kuwa ni mtego, ndo kampuni ikaondoa ofa yake. Niliposoma habari hiyo nikakumbuka sura ya saba ya mwalimu, ila yeye masikini hakuwa anamtega mtu.

Amewapigia simu. Wamemjibu kwa adabu zote kwamba marekebisho yanahesabika toleo la pili, aongeze laki tatu. Nimemwambia asitoe hata mia mpaka watume kurasa kumi zilizohaririwa tuzione kwa macho, akawaandikia hivyo hivyo. Mpaka naandika hapa walichotuma ni lipa namba.