Kadi za njia: kupima "ndefu" kwa Kiingereza

Mradi ni kadi za Kiingereza za njia ninazowapitisha wageni huku Pemba. Kila kadi iwe na mstari mmoja unaosema njia ina urefu gani, bila ya kumtisha mtu wala kumdanganya. Sisi kwa sisi husema "hapo tu" kwa mwendo wa saa nzima na tunaelewana. Mgeni ukimwambia hivyo atatoka na kandambili.

Jumapili
Nimeamua "a bit long" haitaingia. Nikisema "njia ndefu kidogo" sijailaumu njia, nimemtayarisha mtu tu. Kwa Kiingereza "a bit" ikikaa na sifa kama hiyo huleta manung'uniko: njia imezidi, afadhali ingekuwa fupi. "Rather long" mara nyingi ni hivyo hivyo, ila imevaa koti. Kadi ya Ngezi mpaka pwani ya Vumawimbi nimeipa "fairly long". Hiyo haisifu wala hailaumu, ndiyo "ndefu kiasi" yetu.

Jumanne
Siku nzima imekwenda na "quite". Mwingereza akisema "quite long" aghalabu anapunguza. Mmarekani anaongeza, ndefu hasa. Na huyo huyo Mwingereza, akikaza sauti kwenye "quite" anapunguza, akiikaza kwenye "long" anapandisha. Kadi haina sauti, basi nimelitoa. Mdomoni nitaendelea nalo, kwa sababu wageni wa kila upande hulitumia na lazima niwasikie vizuri. Mpangilio nao una yake: "quite a long walk", lakini "a fairly long walk". "Rather" hukubali kukaa kabla au baada ya "a", mwenye hiari.

Alhamisi
Mwenzangu wa mashua kaleta rasimu ya kadi yake ya uvuvi: mshipi uwe "a bit long". Alichokusudia ni mshipi mrefu kidogo kuliko ule wa siku zote. Kiswahili hutosheka na "kidogo" kwa yote mawili, aliyepo akajua mwenyewe. Kiingereza hakikubali, kinataka "a bit longer". Na hapo, ajabu yake, manung'uniko yote huondoka. Kinabaki kipimo tu. Tumeandika hivyo. Kaka huyo bado anaona Waingereza wana makuu.

Jumamosi
Safari ya baiskeli, Mkoani mpaka Konde. Kisiwa chote kina urefu wa kilomita 67 hivi, na vilima vya Pemba kila mtu anavijua. Hapa nimeandika "long" tupu. Kumpunguzia mtu safari hii ni kumtafutia ugomvi njiani.

Imebaki ya Ras Kigomasha. Mtoto wa dada yangu, yuko skuli, anataka "longish". Linapendeza, lakini lina mzaha. Nitaweka "fairly long" na saa za mwendo mbele yake, maana bila ya saa hata neno hilo kila mgeni atalivuta anakotaka.