Seva ikinyamaza ndo naogopa

Leo Jumapili, saa nne asubuhi, nimeloa chapachapa mpaka soksi na nimetoa elfu mbili ya bodaboda kutoka Ujiji mpaka Mwanga, hapahapa Kigoma, kwa sababu ya meseji ambayo haikuja. Nitafika huko.

Mi ndo mtu wa kompyuta wa ofisi, niko peke yangu, na seva zangu mbili za Windows, yaani kompyuta zinazotunza mafaili ya wote, zimekaa kwenye kachumba kalikokuwa stoo ya karatasi. Zamani kila kitu nafanya kwa mkono. Nafika saa moja na nusu naingia kwenye seva, naangalia diski C imebakiza nafasi gani, nafuta logi za zamani (mafaili ya kumbukumbu) za IIS, programu ya kuhudumia tovuti, maana zile usipozigusa hazijifuti zenyewe, zinarundikana tu mpaka diski inajaa, afu nachomeka diski ya nje naanza kukopi mafolda ya watu. Kabla sijamaliza simu inaita, mama wa masjala. "Mwanangu, printa imegoma tena." Shikamoo mama, nakuja. Na kwenda kwenyewe ni kusimamisha ile huduma ya Spooler inayoshika foleni ya printa, kufuta kazi zilizokwama kwenye folda yake, kuiwasha tena. Dakika tano, ila kuna siku naitwa mara nne.

Skripti yangu ya kwanza, yaani amri unazoandika kwenye faili kompyuta izifanye yenyewe, ilikuwa ya hiyo printa. Mistari mitatu ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows: Stop-Service, Remove-Item, Start-Service, basi. PowerShell yenyewe imetoka tangu 2006, mi miaka yote hiyo nilikuwa naiona kama kile kidirisha cha bluu cha watu wa Ulaya. Mama akapiga, nikabonyeza nikiwa nimekaa na chai yangu, nikamwambia jaribu sasa. Kimya kidogo afu akauliza, "Umefanyaje na hujaja?" Nilijisikia mganga.

Hapo uvivu ukanikolea. Nikaandika ya kufuta logi zilizozidi siku 30, na hiyo nilikuwa mwoga, nikaiwekea -WhatIf ambayo inakuonyesha tu ingefuta nini bila kufuta kitu, wiki nzima kila asubuhi nasoma ile orodha kama mtu anayehesabiwa chenji, ndo nikaitoa. Ningebaki na uoga huohuo kwenye bakapu, ile nakala ya akiba ya mafaili, nisingekuwa naandika haya.

Bakapu niliipa robocopy. Ni chombo cha zamani, kilishakuja ndani ya Windows tangu Vista na Server 2008, na kinakopi vizuri kweli. Kisirani chake cha kwanza nilikijua mapema: mhasibu aliacha faili lake la Excel wazi akaenda nyumbani, asubuhi nakuta robocopy iko palepale kwenye faili lile, usiku kucha inagonga mlango. Kumbe usipoiambia kitu inajaribu tena mara milioni moja, na kila mara inasubiri sekunde 30. Nikapiga hesabu kwenye kikokotoo: siku 347. Karibu mwaka, kwa faili moja! Nikaweka /R:2 /W:5, yaani irudie mara mbili tu na isubiri sekunde tano, nikacheka mwenyewe.

Kisirani cha pili sikucheka. Nilikuwa natumia /MIR, yaani bakapu ifanane na asili kama kioo, kilichopo kiwepo na kisichokuwepo kifutwe. Sasa Ijumaa moja diski D ilikuwa imebana, nikahamishia mafaili ya uhasibu diski E, ila ile folda ya zamani nikaiacha kwa jina lilelile, tupu. Skripti nikaisahau. Saa nane usiku ikaamka kama kawaida yake, ikakuta folda tupu, na kwa utiifu wote ikaifanya bakapu nayo iwe tupu. Haikulalamika wala haikutoa kosa, kwa sababu kosa halikuwepo, ilifanya nilichoiambia.

Jumatatu nafungua logi, naona *EXTRA File, *EXTRA File, *EXTRA File, yaani faili lililo kwenye bakapu ila kwenye asili halipo, nashuka nashuka haziishi. Mikono ilipoa. Data yenyewe ilikuwa salama kule E, lakini Jumamosi umeme ulikatika mara mbili, na wikiendi yote ile kazi ya uhasibu ya miaka ilikuwa imekaa kwenye diski moja tu na mi niko nyumbani nakula migebuka nikijua nina bakapu. Sikumwambia mtu. Namwambia nani, mama wa masjala?

Jioni nikashuka Kibirizi, ufukweni, kupunga upepo. Akina mama wameanika dagaa, na pembeni kuna bibi amekaa na fimbo yake, hafanyi chochote, anafukuza tu kunguru. Jua ndo linalokausha, bibi hana mkono wake pale. Ila amekaa. Nikamwangalia muda mrefu mpaka akaniuliza kama nanunua.

Usiku ule nikaiandika upya. Sasa kabla ya kukopi inahesabu mafaili, yakiwa chini ya nusu ya yale ya jana inasimama, haigusi kitu. Na kila siku saa kumi na mbili asubuhi inanitumia barua pepe: nafasi ya C, nafasi ya D na E, idadi ya mafaili. Hata kama kila kitu kiko sawa inatuma. Jamaa yangu wa Kasulu ananicheka eti najitumia barua za mapenzi, yeye yake inatuma kukiwa na tatizo tu. Mi nikamuuliza, na ikifa yenyewe nani atakutumia? Si maneno matupu, siku moja barua haikuja, naenda kuangalia Task Scheduler, kile kinachoziamsha skripti kwa saa, nakuta 0x8007052E, yaani paswedi imekataliwa, maana kazi zote nilizifunga kwenye akaunti yangu na mi nilikuwa nimebadilisha paswedi. Tangu hapo zina akaunti yao.

Basi leo saa kumi na mbili, hakuna kitu. Na nusu, hakuna. Saa moja nikashindwa kunywa chai, nikamwita boda na mvua ilee. Nimefika, seva zinapepea tu, bakapu imepita saa nane usiku, mafaili yote yapo, barua imeshatumwa saa kumi na mbili kamili.

Bando la simu yangu ndo lilikuwa limeisha.